Landrova inayonukia maandazi na safari ya pili kwenda Ukata

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mabati ya Mbinga. Wendelini Kinunda anatoka nje ya nyumba yake akiwa amevaa makoti mawili na kofia ya sufu iliyomfunika masikio. Haendi moja kwa moja kwenye gari. Anakwenda kwanza dirishani, ambako chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya alizeti imening'inia kwa kamba usiku kucha.

Anaishika chupa shingoni, anaigeuza juu chini, na kuanza kuhesabu kwa sauti ndogo kama mtu anayesali.

Ndani ya chupa, kiputo kimoja cha hewa kinapanda taratibu. Wendelini anafika tano, kiputo hakijafika hata nusu ya njia. Anafika kumi. Kiputo kinapogusa juu, amefika kumi na tisa.

Anaigeuza tena, anahesabu upya. Kumi na tisa.

"Mama Flavia," anaita kuelekea jikoni, "ni kumi na tisa."

"Mwaka jana ilikuwa ngapi?" mkewe, Verediana, anauliza kutoka ndani.

"Mwaka jana nilikuwa sipimi."

Kiputo hicho ndicho kipimo chake cha baridi. Mafuta yakiwa mepesi, hewa hupanda upesi. Yakizizima, hewa hupanda kwa uvivu. Katika daftari la shule lenye jalada la bluu, Wendelini ameandika hesabu za karibu mwaka mzima: Novemba sita, Aprili nane, Juni kumi na tatu. Namba kubwa kuliko zote ilikuwa kumi na sita, nayo aliipata wiki iliyopita. Leo ni Jumanne, katikati ya Julai 2001, na ndiyo siku ambayo hakutaka kabisa kuona namba mpya.

Jikoni, karibu na moto, ameketi Hedwiga Nombo, mwanamke wa miaka arobaini na miwili anayeuza usipa, samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, kutoka kijiji cha Kihagara. Amejifunika kanga mbili na blanketi la mwenyeji wake. Nyuma yake, ukutani, umeegemezwa msalaba wa mbao uliofungwa kwa shuka.

Saa nne asubuhi hii, huko kijijini Ukata, inasomwa misa ya kumbukumbu ya mama yake, Bibi Rosina, aliyefariki mwaka mmoja uliopita. Baada ya misa msalaba huo utasimikwa kaburini. Jana Wendelini alimtoa Hedwiga Kihagara, akampandisha milima hadi Mbinga, na Hedwiga akalala hapa nyumbani kwa dereva wake. Imebaki sehemu ya pili ya safari.

Hedwiga hakumzika mama yake. Alichelewa. Na aliyemchelewesha ni Wendelini.

Wendelini ana miaka hamsini na mbili. Alijifunza ufundi wa magari kwa kumshikia tochi fundi mwingine, na udereva kwa kuosha lori hadi siku dereva alipougua. Kwa miaka kumi na minne aliendesha lori la kahawa la chama kimoja cha ushirika. Mwaka 1996, wakati wanunuzi binafsi wa kahawa walipokwishaingia na magari yao, alipunguzwa kazi pamoja na wenzake kumi na mmoja.

Fedha za kiinua mgongo hazikutosha kwa wote. Sehemu ya haki yake alilipwa kwa chuma: Landrova ya dizeli iliyokuwa imekaa juu ya matofali kwa miaka minne.

"Kuku walikuwa wanatagia ndani," anasema Verediana. "Siku tuliyolivuta kulileta nyumbani tulikuta mayai tisa chini ya kiti. Nikamwambia, haya, Baba Flavia, gari limeshaanza kuleta faida."

Ilimchukua miezi saba kulisimamisha. Tangu hapo amekuwa akibeba abiria, samaki na mahindi kati ya Mbinga na vijiji vya mwambao. Tatizo lake halikuwa abiria. Lilikuwa dizeli. Zamani bei ilikuwa moja na ilitangazwa. Sasa kila kituo kina yake, na msimu wa kahawa malori huweza kukausha mji mzima kwa siku mbili. Mwaka jana lita moja ilifika shilingi mia sita, na safari ya kwenda mwambao na kurudi hunywa lita ishirini na tano.

Nyuma ya nyumba, wakati huohuo, kulikuwa na mafuta yasiyotakiwa na mtu. Verediana ana mashine ya mkono ya kukamulia alizeti. Mafuta safi ya juu huuzwa siku hiyohiyo. Yale ya chini ya pipa, yenye mashapo na rangi ya matope, wapishi huyakataa.

"Nilikuwa nayamwaga kwenye shimo," anasema. "Siku moja namkuta amepiga magoti pale shimoni, ananusa. Nikajua kuna kitu kinakuja."

Wendelini alikuwa amewahi kusikia kwa fundi mmoja mzee kwamba injini ya dizeli haichagui sana chakula. Ikipewa mafuta yanayotiririka vizuri na yenye joto, itayachoma. Hakukimbilia kumimina. Kwanza aliyajaribu kwenye kibatari, akaona utambi unawaka. Halafu akachanganya lita moja ya alizeti na tisa za dizeli, akazunguka mji. Halafu mbili kwa nane. Kila hatua aliipa wiki mbili.

Hatimaye aliliwekea gari matangi mawili. Moja dogo la dizeli, lingine kubwa la alizeti, na koki ya shaba kati yao, karibu na goti la dereva. Ndani ya tangi la alizeti alizungusha mrija unaopitisha maji ya moto kutoka kwenye rejeta, ili mafuta yapate joto la injini.

Utaratibu wake anaueleza kwa vidole. Gari linawashwa kwa dizeli. Likishapata moto, anageuza koki, linakula alizeti. Kilomita tatu au nne kabla ya kulizima, anarudisha koki kwenye dizeli, ili mirija, chujio na pampu visilale na mafuta mazito ndani. Mafuta yenyewe hukaa wiki tatu yakituama, kisha huchujwa mara mbili kwa kitambaa cha mfuko wa unga.

Hadai kwamba amegundua jambo la kuigwa. Nozeli zinazopuliza mafuta ndani ya injini amebadilisha mara mbili katika miaka miwili na nusu, na anakiri kwamba pampu imeanza kuchoka. "Mtu akiniuliza kama afanye hivi, namuuliza kwanza kama ana muda wa kuhangaika," anasema. "Mimi muda ninao. Dizeli ndiyo sina."

Moshi wake unanukia kama kikaango. Gari likipita, watu husema wamesikia njaa. Kwenye stendi ya Mbinga Wendelini anajulikana kama Mzee Maandazi, jina alilopewa na Pankras, dereva wa pikapu ya kahawa mwenye mdomo mwepesi.

"Tunamtania," anasema Pankras. "Lakini gari langu likigoma porini, simtumii mtu mwingine salamu. Namwita yeye."

Julai ya mwaka jana utaratibu huo ulivunjika, na namna ulivyovunjika inaweza kueleweka vizuri zaidi na mtu anayeijua barabara hii. Kihagara iko chini, ziwani, ambako hata Julai watu hulala bila kujifunika sana. Mbinga iko juu, ambako asubuhi za mwezi huohuo pumzi huonekana. Katikati kuna saa chache tu za kupanda kona baada ya kona. Mtu hutoka msimu mmoja akaingia mwingine kabla chakula cha mchana hakijashuka tumboni.

Wiki tatu Wendelini alikuwa chini, akibeba samaki kati ya kijiji na kijiji. Alizeti ilimwishia. Pwani ya ziwa palikuwa na mapipa ya mawese kutoka upande wa Kyela, yaliyochacha, yanayonunuliwa na watengeneza sabuni kwa bei ya chini. Yalikuwa yakitiririka vizuri kuliko hata alizeti. Akajaza tangi.

Na kwa sababu ya joto la kule, akaacha pia tabia ya kurudisha koki. Alikuwa akizima gari na mawese ndani, na kesho yake linawaka bila shida.

"Kule chini mawese ni maji," anasema. "Huku juu ni mshumaa. Nililijua hilo. Nimezaliwa huku, nimeona mawese ya mama yangu yakiganda kwenye kibuyu kila Julai. Lakini wiki tatu za joto zilinisahaulisha kwamba kuna baridi."

Jumanne moja alasiri habari za msiba zilifika Kihagara. Bibi Rosina amefariki Ukata, anazikwa kesho saa tisa. Hedwiga ni mzaliwa wa Ukata aliyeolewa ziwani. Mumewe, Aidan, ambaye ni seremala wa mitumbwi, alikimbia kumtafuta Wendelini. Walipanda mlima jioni hiyohiyo, Hedwiga na ndugu wanne, wakilia njia nzima. Walifika Mbinga wamechoka, Wendelini akazima gari mbele ya nyumba yake, akasaidia kushusha mizigo. Koki hakuigusa.

Saa kumi na mbili asubuhi gari halikuwaka. Mawese yalikuwa yameganda kuanzia tangini hadi kwenye pampu.

Wendelini alichemsha maji, akafungua mirija mmoja baada ya mwingine, akaizibua kwa waya wa baiskeli. Magari yote ya mji yalikuwa kwenye kahawa. Kwa mguu, kwa njia za mkato, kutoka Mbinga hadi Ukata ni mwendo wa saa saba. Kama Hedwiga angeanza kutembea saa hiyo, angefika kabla ya jeneza kushushwa.

Hakutembea, kwa sababu kila alipouliza alijibiwa jambo moja.

"Nilimwambia sasa hivi," anasema Wendelini. Anafuta mikono ambayo haina uchafu. "Saa moja nikamwambia sasa hivi. Saa mbili, sasa hivi. Nimewahi kukaa nikahesabu. Mara saba. Watu wanadhani kosa langu ni mawese. Mawese ni mafuta tu, hayana neno. Kosa langu ni ile sasa hivi."

Gari liliwaka saa sita na nusu, likazimika mara tatu njiani. Walifika Ukata saa kumi na moja jioni. Kaburi lilikuwa limefukiwa na wanawake walikuwa wanasawazisha udongo kwa viganja.

Hedwiga hakumtukana. Angemtukana, anasema Verediana, pengine ingekuwa nafuu. Kwa miezi kumi alimsalimia Wendelini kila walipokutana, kwa adabu, na usipa wake akaupakia magari mengine. Wanawake wenzake wa sokoni wakamfuata, mmoja mmoja. Kulikuwa na safari ambazo Landrova ilipanda mlima ikiwa na abiria wawili na kuku.

Kisha, Mei mwaka huu, alimfuata mwenyewe pale samaki wanapopakiwa.

"Nilimwambia, Baba Flavia, Julai nina msalaba wa kupeleka," anakumbuka Hedwiga. "Wewe ndiye uliyenichelewesha, wewe ndiye utakayenipeleka. Akasema sawa. Nikamwambia, lakini ukiniambia tena sasa hivi, sitakusalimia mpaka nife."

Sasa, jikoni, Hedwiga anaweka kikombe cha chai chini.

"Kumi na tisa maana yake nini?" anauliza.

"Sijui, Mama Glorious," anajibu Wendelini. "Sijawahi kuiona."

"Gari litawaka?"

"Litawaka. Koki nilirudisha jana kabla hatujafika. Nisichokijua ni alizeti njiani. Na dizeli iliyopo ni lita saba tu, mji mzima hauna. Kwa lita saba peke yake hatufiki."

Hedwiga anaitazama chupa mkononi mwa Wendelini. "Haya. Nimesikia," anasema.

Verediana anawapa chupa mbili za chai, kubwa na ndogo. Ndogo ina chai. Kubwa ina maji yaliyochemka. "Hii ni ya gari," anamwambia mumewe. "Usije ukawapa watu."

Landrova inawaka kwa jaribio la pili. Msalaba unalazwa nyuma juu ya magunia. Ni mbao ngumu, Aidan ameuchonga kutoka kwenye ubavu wa mtumbwi wa zamani wa baba yake, na matundu ya misumari bado yanaonekana.

Kwenye stendi, Pankras anafunga turubai juu ya magunia ya kahawa.

"Shikamoo, Mzee Maandazi. Leo umepika na chai?"

"Marahaba. Chai ipo, chupa mbili. Wewe umejaza?"

"Nimejaza mpaka mimi mwenyewe sina pa kukaa." Anaona msalaba, anamwona Hedwiga kwenye kiti cha mbele. Anavua kofia. "Pole, mama. Mzee, mfikishe."

"Nitajaribu," anasema Wendelini. Mwaka jana, anaeleza baadaye, angejibu, "Bila shaka."

Nje ya mji, mshale wa joto unapofika katikati, anageuza koki. Mlio wa injini unakuwa mzito kidogo, na harufu ya kikaango inaingia kupitia sakafu. Barabara ni ya udongo, imekauka. Pembeni, mikahawa imeinamishwa na matunda mekundu, na watu wenye vikapu wanasimama kupisha gari. Kwa zaidi ya saa moja hakuna linaloharibika, na Hedwiga anaanza kusimulia jinsi mama yake alivyokataa katakata kula usipa mpaka alipopata mjukuu.

Kisha barabara inashuka kwenye bonde refu lenye kivuli, ambalo jua bado halijalifikia. Ukungu ni mzito kiasi cha kulowanisha kioo. Injini, isiyofanya kazi kubwa kwenye mteremko, inapoa. Wendelini anauona mshale ukishuka. Anageuza koki kurudi kwenye dizeli, lakini amechelewa. Mwanzo wa kilima cha pili gari linapoteza nguvu, linakohoa, linasimama.

Ni saa mbili na dakika tano.

Wendelini anashuka, anafunua boneti, anagusa chujio kwa kiganja. Ni la baridi kama jiwe la mtoni. Dizeli na alizeti zote hupita kwenye chujio hilo moja. Likiziba, hakuna kinachopita. Kisha anakwenda upande wa abiria.

"Mama Glorious."

"Nakusikia."

"Chujio limeganda. Hata dizeli haipiti. Nitalifungua nilipashe moto. Inaweza kuwa nusu saa, inaweza kuwa saa mbili, sijui. Kwa mguu, ukikatisha kwenye ngoro, kufika kanisani ni saa moja na nusu. Sasa ni saa mbili na dakika saba. Ningekuwa wewe, ningeanza kutembea."

Hedwiga anamtazama, kisha anageukia nyuma, kwenye magunia. Uso wake hauonyeshi kama ni hasira au kitu kingine.

"Na msalaba?" anauliza.

"Ni mzito kwa njia ile. Uniachie. Ikifika saa tatu kamili gari halijawaka, naubeba mimi begani nakuja nao."

"Saa tatu kamili."

"Saa tatu kamili."

Anashuka. Anavua viatu vyake vya kanisani, anavifunga kwenye kanga, anajitwika. Anaingia kwenye ngoro, yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo yaliyopangana mlimani kama sega la nyuki, na kupita juu ya kingo zake kwa hatua za mtu aliyekulia hapo. Hageuki nyuma.

Wendelini anaweka saa yake ya mkononi juu ya betri, mahali anapoweza kuiona. Anafungua chujio. Ndani kuna kitu cheupe, kizito, kama uji wa mchele uliopoa. Anakifuta kwa kidole, anamwagia kikombe cha chujio maji ya moto ya Verediana kwa nje, kidogokidogo, akiyalinda yasiishe. Mafuta yaliyobaki yanamwagika juu ya bomba la moshi. Anarudishia chujio, anaanza kupampu kwa mkono ili kutoa hewa kwenye mirija.

Jaribio la kwanza, kimya. La pili, injini inakohoa mara moja. La tatu, kimya tena. Betri inaanza kulalamika.

Saa tatu kasoro dakika sita anaacha kupampu. Anautoa msalaba nyuma ya gari, anaulaza juu ya boneti, anakunja koti moja kuwa mto wa bega. Anafunga milango ya nyuma na kuweka jiwe kwenye tairi.

Kisha anaingia, anageuza ufunguo kwa mara ya mwisho. Injini inakohoa, inasita, inashika, huku msalaba ukitetemeka juu ya boneti.

Hacheki wala hapigi honi. Anatoka, anauchukua msalaba kwa mikono miwili, anaurudisha juu ya magunia, anaondoa jiwe.

Sehemu iliyobaki anaiendesha kwa dizeli peke yake. Karibu na Ukata, mahali njia ya miguu inapoungana na barabara, Hedwiga yuko mbele, miguu imejaa vumbi hadi magotini, viatu bado kichwani. Gari halijamfikia, ameshasogea pembeni na kusimama.

"Nilisikia harufu ya maandazi kabla ya kusikia injini," anasema akipanda. Mafuta yaliyomwagika yalikuwa bado yanakaangika kwenye bomba. "Nikajua, Baba Flavia huyo."

"Ungeweza kumalizia kwa mguu. Ulikuwa umeshafika," anasema Wendelini.

"Ningeweza. Lakini nataka wanione nikishuka humu."

Wanaingia uwanja wa kanisa saa tatu na dakika ishirini na tano. Watu wameanza kukusanyika. Kaka yake Hedwiga, Ladislaus, ambaye mwaka jana alimpita Wendelini bila kumpa mkono, anakuja hadi mlangoni mwa gari.

"Ndiye huyu dereva?" anauliza, ingawa anamfahamu.

"Ndiye huyu, kaka. Leo ameniambia nitembee."

"Amekuambia nini?"

"Nitembee. Nimetembea, kisha amenikuta njiani."

Baadaye, misa ikiwa imekwisha na msalaba umeshushwa kwenye shimo lake, wanafamilia wanapokezana jembe kutia udongo. Hedwiga anatia wa kwanza. Anapiga magoti, anausawazisha udongo kwa viganja, polepole, kuzunguka mguu wote wa msalaba, na hakuna anayemharakisha. Kisha wanatia wadogo zake, na wajukuu. Jembe linapomfikia Ladislaus kwa mara ya pili, analigeuza mpini na kumpa Wendelini.

Wendelini anatia majembe matatu na kulirudisha.

Alasiri jua limetoka na Landrova imepata moto wa kutosha. Wendelini anaandika kwenye daftari la bluu: *19. Chujio limeganda bondeni. Ukata saa 3:25.* Chini yake anachora mrija mwembamba uliozungushwa kwenye kitu kinachofanana na kopo. Ni mpango wake wa kabla ya Julai ijayo: mita mbili za mrija wa shaba, azungushie chujio kama alivyozungushia tangi, ili maji ya rejeta yalipashe nalo. Mrija ameuona kwa fundi wa majokofu. Bado hajaununua.

"Nataka ifike mahali kumi na tisa iwe namba tu," anasema. "Niione, niandike, ninywe chai."

Tumaini lingine halijaandikwa daftarini, na hakulisema hadi Hedwiga alipolisema kwanza. Amepanda kiti cha mbele, amevaa viatu vyake, ameegemeza kichwa mlangoni.

"Jumamosi nina magunia mawili ya usipa wa kuleta Mbinga," anasema akiwa amefumba macho. "Utatoka Kihagara saa ngapi?"

Wendelini anageuza koki kidogo, kama anayehakikisha iko upande unaotakiwa.

"Ijumaa jioni nitakagua gari, nitaona na hali ya mlima," anasema. "Nikijua, nitakuja kukuambia saa. Nisipojua, nitakuja kukuambia sijui."

"Uje kabla sijafunga magunia."

"Nitakuja."

"Na waambie akina mama pale sokoni," Hedwiga anasema, bado amefumba macho, "kiti cha mbele kina mwenyewe."